Lijamu Kwanza, Farasi Baadaye

Mara ya kwanza nilipoendesha hotirodi niliyoshiriki kuiunda, nilikanyaga breki mbele ya taa nyekundu na pedali ikazama mpaka sakafuni bila kukamata kitu. Nikakanyaga tena, ikapanda nusu. Mara ya tatu gari likasimama, pua ikiwa imeshavuka mstari mweupe. Hakukuwa na bomba lililopasuka wala mafuta ya breki yaliyovuja. Kilichokosekana ni kivalvu kidogo cha kutosha kiganjani ambacho hakuna kati yetu aliyekumbuka kukifunga. Nitakieleza mbele, ila nimekitanguliza kwa sababu moja: injini ya gari lile, yenye nguvu za farasi zaidi ya 300, tuliihangaikia miezi minane, na breki zake tulizifunga Jumamosi na Jumapili moja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuunda gari la namna hiyo kwa mikono yako. Pengine unaishi Houston, Columbus au Minneapolis, una gereji ubavuni mwa nyumba, na kila ukipita kwenye maonyesho ya magari ya zamani moyo unakwenda mbio. Pengine uko Dar es Salaam au Nairobi, una Toyota GX100 na unataka kuitia injini ya 1JZ. Nitasimulia gari la Kimarekani kwa kuwa Marekani ndiko ufundi huu ulikozaliwa, lakini fundi wa Gerezani kule Dar au wa Grogan kule Nairobi ataona mambo ni yaleyale: farasi unawatia lijamu kabla ya kuwafungulia zizi.

Hotirodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lililovuliwa kila kizito kisicho cha lazima na kutiwa nguvu kubwa kuliko zile lilizozaliwa nazo. Gari lililoanzisha mapenzi haya ni Ford ya mwaka 1932. Mwaka huo kampuni ya Ford ilitoa injini ya V8 ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuimudu, yenye inchi za ujazo 221, yaani lita 3.6, na nguvu za farasi 65. Miaka michache baadaye magari hayo yalikuwa yanauzwa mitumba kwa bei nafuu, na vijana wa Los Angeles na vitongoji vyake wakayanunua. Waling'oa madigadi, boneti na kioo cha mbele, wakaenda nayo kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni ngumu na tambarare kama sakafu. Hapo walishindana na saa. Mwaka 1937 wakaunda chama chao, SCTA. Baada ya vita wengi walirudi kutoka jeshini wakiwa wamejifunza ufundi wa injini na vyuma, na mchezo ukapanuka. Jarida la Hot Rod lilitoka kwa mara ya kwanza Januari 1948, mbio za kwanza za SCTA kwenye chumvi ya Bonneville kule Utah zikafanyika 1949, na mwaka 1951 Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo, akaanzisha chama cha NHRA ili kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali salama pa kushindania.

Nimeleta historia hii kwa makusudi. Kwenye ziwa kavu hakuna kona, hakuna lori linalojitokeza ghafla, na ukitaka kusimama unaachia mafuta gari lijichokee lenyewe umbali wa kilomita nzima. Vijana wale wangeweza kuweka nguvu mbele ya kila kitu. Wewe gari lako litapita mbele ya shule.

Anza na karatasi kabla ya chuma. Ukinunua Ford ya asili, namba yake imegongwa kwenye chesisi, nawe uione kwa macho yako na kuilinganisha na hati ya umiliki kabla hujatoa hata dola moja. Nimeona mtu amemaliza gari zuri la kupendeza, kisha likakaa gerejini miaka miwili kwa sababu namba haikulingana na hati. Bodi ya asili ya 1932 ni ghali na mara nyingi imeliwa na kutu. Chukua sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango, kwenye kona za nyuma na kuzunguka matundu ya magurudumu. Isiponasa, ujue chini ya rangi kuna puti na wala si bati. Zipo pia bodi mpya za chuma, kama zile zinazotengenezwa Brookville, Ohio, na zipo za fiberglass. Mimi nasema gari la kwanza lisiwe la bodi ya asili. Utakata, utakosea, utakata tena, na bati lililookoka miaka tisini halistahili kufundishiwa.

Njia ya nafuu zaidi ni kununua mradi ambao mtu mwingine ameuanza akauchoka. Ipo mingi. Ukiipata, fungua kila kiungo alichokichomelea na ukiangalie kama vile hukuambiwa lolote, kwa sababu kuchoka kwake huenda kulianza kabla hajamaliza kuchomelea.

Chesisi ya Ford ya 1932 ni nguzo mbili za bati lililokunjwa kama herufi C. Kwa farasi 65 ilitosha. Ukiitia injini yenye nguvu mara tano, itajipinda kila unapokanyaga mafuta, milango itagoma kufunga na gari litavuta upande. Dawa yake ni kuifunga ile C kwa upande wa ndani kwa chuma cha milimita 3 hadi 5, nguzo iwe boksi kamili, kisha uweke mhimili wa kati wenye umbo la X au K. Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka. Chuma kikipata moto mwingi mahali pamoja hukunjamana. Choma kama sentimita tatu tu, ruka upande wa pili wa chesisi, choma tatu nyingine, rudi mbele, nenda nyuma, kiache kipoe kiasi cha kugusika. Kila baada ya mzunguko mmoja pima kwa futi kamba kutoka kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita mbili au tatu, simama, usiendelee mpaka ujue kwa nini. Kazi hii inaweza kukula wiki mbili za jioni. Zitoe.

Mbele, hotirodi ya asili hutumia ekseli moja nzima inayounganisha magurudumu mawili. Ni kifaa rahisi na imara, lakini kina ugonjwa wake. Ukipiga shimo kwenye mwendo fulani, usukani unaweza kuanza kutetemeka kushoto kulia kwa nguvu mpaka mikono ikafa ganzi, na hautulii mpaka gari lipunguze mwendo sana. Wamarekani wameupa mtikisiko huo jina la mauti, nami sioni kama wametia chumvi. Kinga yake ni vipimo. Pini ya gurudumu ilale nyuma kwa digrii 5 hadi 7, ili magurudumu yapende kujinyoosha yenyewe. Sehemu za mbele za tairi zikaribiane kuliko za nyuma kwa milimita 2 au 3. Beringi na mipira ya stelingi isiwe na mchezo hata kidogo. Na kama stelingi boksi yako inasukuma kutoka upande mmoja kwenda mwingine, weka fimbo ya kuzuia ekseli isicheze kando, yenye urefu na mteremko unaofanana na ule wa fimbo ya stelingi, la sivyo springi zikipanda na kushuka gari litakuwa linakata kona lenyewe.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Ford iliendelea na breki za kuvutwa kwa fimbo na waya mpaka magari yake ya 1938. Za mafuta zilianza na modeli ya 1939, ndiyo maana wajenzi wa zamani walikuwa wakihamisha breki za 1939 hadi 1948 na kuzifunga kwenye magari ya 1932. Siku hizi wengi hufunga diski mbele na dramu au diski nyuma, na wanafanya vizuri. Nunua masta silinda yenye vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, ili bomba moja likipasuka ubakiwe na nusu ya breki. Pedali iwe na uwiano wa karibu 6 kwa 1: mguu ukienda sentimita sita, fimbo ya masta iende moja. Ukipunguza uwiano huo utahitaji paja la mbeba magunia.

Kivalvu kile sasa. Katika magari ya kawaida masta silinda imekaa juu, ukutani mwa injini, juu kuliko breki zenyewe. Kwenye hotirodi huko juu hakuna nafasi, kwa hiyo hufungwa chini ya sakafu, nayo huwa chini kuliko breki za magurudumu. Ukiachia pedali, mafuta ya breki hurudi taratibu kuelekea kwenye masta kwa sababu maji hayapandi mlima. Pistoni za breki nazo hurudi ndani. Ukikanyaga tena, mkanyago wa kwanza wote unaishia kujaza pengo lile, na wewe huna breki. Valvu ya kubakiza presha huzuia mafuta yasirudi yote. Ya diski hubakiza psi 2, ya dramu psi 10. Ukizibadilisha, ya 10 ukaipeleka kwenye diski, pedi zitakamata muda wote na kuungua. Zimeandikwa, na nyingi zina rangi tofauti, nawe soma kabla ya kufunga.

Mabomba yawe ya chuma yaliyotengenezewa breki, na midomo yake ikunjwe mara mbili. Usitumie bomba la shaba la friji. Najua nyumbani limetumika sana kwa kuwa linapatikana na linapindika kirahisi, lakini shaba ile huchoka kwa mtikisiko na hupasuka siku uliyokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku ile hasa uliyoihitaji. Ukimaliza kufunga, toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kisha kaa kitini, kanyaga kwa nguvu, hesabu mpaka sitini bila kuachia. Pedali ikishuka hata kwa unene wa kidole, kuna mahali panavuja. Mtu wa pili apite chini na tochi na karatasi nyeupe, aipanguse kwenye kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze injini, ambayo najua ndiyo iliyokuleta.

Ipo ile V8 ya Ford ya zamani yenye valvu za ubavuni, na sauti yake haina mfano. Kuna kitu kinachonisisimua kila nikiisikia ikiwaka asubuhi, kabureta mbili za Stromberg 97 zikivuta pumzi. Lakini ina kasoro iliyozaliwa nayo: moshi wa moto hupita ndani ya bloki yenyewe, katikati ya njia za maji, kabla ya kutoka ubavuni, na kila upande silinda mbili za kati hugawana tundu moja. Ndiyo maana inachemka. Kuitoa nguvu nyingi ni ufundi wa gharama na subira. Kwa gari la kwanza chukua V8 ndogo ya Chevrolet. Ilianza mwaka 1955 na inchi za ujazo 265, na ile ya 350, lita 5.7, iliyoanza 1967, imetengenezwa kwa wingi kiasi kwamba vipuri vyake havitakusumbua. Farasi 300 kutoka kwenye 350 ni kazi ya kawaida isiyohitaji muujiza.

Usidanganywe na kamshafti kubwa. Ile inayofanya injini ingurume kwa kukatakata gari likiwa limesimama inapendeza masikioni, lakini inakunyang'anya nguvu ya chini unayoitumia kila siku na kupunguza mvuto wa hewa ambao buster ya breki, kama unayo, inautegemea. Kabureta vilevile. Chukua inchi za ujazo za injini, zidisha kwa mizunguko ya juu utakayofika, gawanya kwa 3,456. Kwa 350 yenye mizunguko 5,500 unapata kama futi za ujazo 557 kwa dakika. Kabureta ya 600 inatosha. Kijana anayekuja na ya 850 ataishia kumwaga petroli kwenye oili na kulowesha plagi.

Katika kuunganisha, usafi na vipimo ndivyo vitu viwili vinavyotenganisha injini ya miaka kumi na ya wiki moja. Bloki ikitoka kwa mchonga vyuma, ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua kila tundu la oili kwa brashi ndefu, kisha pangusa silinda kwa kitambaa cheupe kilicholowa oili nyepesi. Kitambaa kikitoka na kijivu, osha tena. Nimewahi kupangusa mara tisa. Pengo la beringi za krenki liwe karibu milimita 0.05 hadi 0.06, lipime kwa kile kiuzi cha plastiki kinachopondwa, kwa kila beringi, usipime moja ukaziamini nyingine. Ringi za pistoni ziingize kwenye silinda yake kabla ya kuzivisha: kwa silinda ya inchi 4 pengo la ncha mbili liwe kama milimita 0.4. Likiwa dogo mno, joto litazifanya ncha zikutane, na ringi itakwaruza silinda kama msasa.

Dakika ishirini za kwanza za uhai wa injini hii ndizo zitakazoamua mengi, kama kamshafti yako ni ya tapeti bapa. Siku moja kabla, toa distribyuta, ingiza fimbo ya kuzungushia pampu ya oili kwenye tundu lake, ifunge kwenye drili ya umeme na uizungushe. Mwanzoni drili inakwenda kwa wepesi, kisha ghafla inakuwa nzito mkononi: oili imefika. Endelea huku mwenzako akizungusha krenki kidogokidogo, mpaka uone oili ikichuruzika juu kwenye kila roka. Rudisha distribyuta mahali pake, ujaze kabureta petroli, ujaze rejeta, weka mpira wa maji ya bustani na kizima moto karibu. Tumia oili yenye zinki ya kutosha, maana nyingi za kisasa zimepunguziwa. Injini ikiwaka, ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 au 2,500 na uiweke hapo dakika ishirini bila kuishusha. Tapeti lazima zianze kujizungusha juu ya kamshafti, na oili inayozilainisha hurushwa na krenki. Injini ikizunguka polepole, hairushwi ya kutosha na kamshafti inaliwa ikiwa bado mpya. Injini itakayokataa kuwaka ikazungushwa na stata nusu saa nzima imeshajeruhiwa kabla haijapiga hata moshi. Kwa hiyo pangilia moto wa plagi kwanza, mpangilio wa 350 ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na uwe na hakika silinda namba moja iko juu kwenye kompresheni na wala si kwenye kutoa moshi. Baadaye, injini ikiwa na joto, jumla ya kutangulia kwa moto iwe digrii 34 hadi 36.

Kupoza ni jambo ambalo mafundi wetu wengi nyumbani hulitatua kwa kung'oa thamostati. Tafadhali iache. Injini isiyo na thamostati huendeshwa ikiwa baridi muda mrefu, petroli inaosha oili kwenye silinda, na ringi zinaisha mapema. Weka ya digrii 82. Kinachopoza ni rejeta nzuri na ngao ya bati au plastiki inayozunguka feni, ili feni ivute hewa kupitia rejeta yote. Uso wa Ford ya 1932 ni mwembamba, na bila ngao hiyo feni hupoza duara moja tu katikati huku kona nne zikichemka.

Nyuma, difu ya Ford ya inchi 9, iliyoanza 1957, imebeba nguvu nyingi kwa miaka mingi na haina haja ya kusifiwa na mimi. Angalia tu mlalo wake. Mteremko wa ncha ya gia boksi na ule wa ncha ya difu ilingane kwa kuelekeana, tofauti isizidi digrii moja, la sivyo propela itatetema kwenye mwendo na kuua krosi zake. Funga pia pete ya chuma kuizunguka propela karibu na krosi ya mbele. Krosi ya mbele ikikatika bila pete hiyo, propela huchimba barabara na kuliinua gari kama mruko wa upondo.

Kwa wewe wa GX100: Toyota wenyewe walipoiweka 1JZ yenye tabo, farasi 280 kwa hesabu ya kiwanda, kwenye gari la umbo lilelile, waliliita JZX100 na wakalifunga breki kubwa zaidi. Wahandisi wale hawakuwa wakipoteza fedha. Ukinunua injini, nunua na breki zake, difu yake na rejeta yake, toka kwenye gari lilelile lililokatwa.

Sheria nitaigusa tu. California huyapa magari 500 yaliyoundwa na watu binafsi kila mwaka nafasi ya kupimwa moshi kwa kufuata mwaka wa bodi au wa injini, na nafasi hizo hugombaniwa; majimbo mengine yana taratibu zao, nawe zisome kabla ya kuchagua injini. Kenya hairuhusu kuingiza gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, wala lililozidi miaka minane, kwa hiyo usianze kuota kulisafirisha kwenda Mombasa.

Sasa umekaa kitini. Mkanda wako umefungwa kwenye chesisi, haukufungwa kwenye bati la sakafu, ambalo hupasuka kama karatasi. Gari lina uzito wa takriban kilo 1,100, karibu sawa na Corolla ndogo ya lita 1.5 yenye farasi kama 110, ila lako lina 300, halina kompyuta ya kuzuia magurudumu yasiteleze, halina mfumo wa kuzuia breki zisigande. Kompyuta ni wewe. Kabla ya kutoka, soma tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za maonyesho huwa na kashata nzuri na mpira uliokauka. Mpira mgumu haushiki lami hata uwe mnene namna gani.

Nenda kwanza kwenye uwanja mtupu wa maegesho asubuhi ya Jumapili. Jifunze ni kwa mkanyago wa nguvu gani breki huganda, kwa sababu tairi nyembamba za mbele huanza kuteleza mapema kuliko unavyodhani. Zikiganda, achia kidogo, kanyaga tena. Jifunze kukanyaga mafuta kwa kidole gumba cha mguu, gari likiwa limenyooka tu. Kwenye kona, maliza breki kabla ya kuingia, na ukishaingia usiachie mafuta ghafla: uzito utarukia mbele, nyuma itapaa, na nyuma ikishaanza kukupita una nusu sekunde ya kuzungusha usukani kuifuata inakokwenda. Macho yatazame unakotaka kwenda, maana mikono hufuata macho. Mvua ikinyesha, egesha. Sijaona aibu kurudishwa nyumbani na mvua, nimeona waliorudishwa na lori la kuvuta magari.

Nguvu zote 300 zina mahali pake, napo ni uwanja wa mbio za mita 402, na viwanja vingi vya namna hiyo huwa na usiku wa watu wa kawaida. Utalipa kiingilio, watakagua gari lako, watakupa taa ya kijani na barabara isiyo na mtoto wala mbwa. Mtu akikusogelea kwenye taa za mjini akivumisha injini yake, mpungie mkono.

Safari ya kwanza ya kweli isizidi kilomita 80, tena usiende mbali na nyumbani. Ukirudi, kabla oili haijapoa, pitisha nyuma ya mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu, bila kugusa. Magurudumu mawili ya mbele yalingane joto, na mawili ya nyuma yalingane. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, breki yake inaburuza. Kisha ingia chini na spana ya kupimia mkazo, uanzie bolti za stelingi, uende kwenye springi, krosi, na nati za magurudumu, na kila uliyoikaza ipige mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Safari ijayo mstari ukikatika, utaiona nati iliyojizungusha bila hata kushika spana.